Kuzidisha mitajo ya aljebra yenye vigawo vingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa anayejua kufungua mabano mawili lakini akikutana na matatu, au mabano yenye namba na alama hasi mbele yake, jibu linamgomea. Shika kalamu na ufanye mifano sambamba na maelezo, maana kuisoma kwa macho tu hakutoshi.

### "Kigawo" na "kipande" si kitu kimoja?

Si kimoja, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kigawo ni kile kinachozidishwa. Kipande ni kile kinachojumlishwa au kutolewa. Katika 3x(x + 2)(x − 5) kuna vigawo vinne: 3, x, (x + 2) na (x − 5). Ndani ya kigawo (x + 2) mna vipande viwili, x na 2. Alama ya kuzidisha huwa haiandikwi, hivyo vigawo hukaa vimegusana. Vipande hutenganishwa na + au −.

Kigawo hiki ni kilekile cha Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha shule ya msingi. Kilichobadilika ni kwamba sasa kinaweza kuwa na herufi na mabano.

### Mabano yakiwa matatu, nianze na yapi?

Yoyote. 2 × 3 × 4 ni 24 ukianza na 2 × 3 au na 3 × 4, na herufi zinafuata sheria hiyohiyo. La kuzingatia ni kuzidisha mawili kwa wakati mmoja, kukusanya vipande vinavyofanana, ndipo ulete la tatu.

Chukua (x + 2)(x − 3)(x + 4). Anza na mawili ya kwanza:

(x + 2)(x − 3) = x² − 3x + 2x − 6 = x² − x − 6

Sasa lete la tatu. Kila kipande cha x² − x − 6 kinazidishwa kwa x, kisha kwa 4:

(x² − x − 6)(x + 4) = x³ + 4x² − x² − 4x − 6x − 24 = x³ + 3x² − 10x − 24

Usiruke hatua ya kukusanya katikati. Ukiacha x² − 3x + 2x − 6 kama ilivyo, vipande vinne vitazaa vinane, na kimoja kati ya vinane ni rahisi sana kukisahau. Ukikusanya kwanza, unabaki na sita.

Kosa jingine la kawaida ni kuzidisha (x + 2) kwa (x − 3), halafu (x − 3) kwa (x + 4), kisha kujumlisha majibu mawili. Bano la kati limetumika mara mbili, na kuzidisha kumegeuzwa kujumlisha. Ukishazidisha mabano mawili hayapo tena; lililopo ni zao lake.

### Kwa nini kila kipande lazima kizidishe kila kipande?

Tazama 12 × 13. Ni (10 + 2)(10 + 3). Piga picha ya sakafu yenye vigae 12 upande mmoja na 13 upande wa pili, kisha chora mstari baada ya kigae cha 10 kila upande. Sakafu inagawanyika sehemu nne: 10 × 10 = 100, 10 × 3 = 30, 2 × 10 = 20 na 2 × 3 = 6. Jumla 156. Anayezidisha "cha kwanza kwa cha kwanza, cha mwisho kwa cha mwisho" anapata 106, maana yake ameacha vigae 50 bila kuvihesabu. Weka x mahali pa 10: (x + 2)(x + 3) = x² + 5x + 6, na hiyo 5x ndiyo vile vigae 50.

Mabano yakiwa matatu, kanuni ni ileile kwa maneno mapana zaidi: chagua kipande kimoja kutoka kila bano, vizidishe, kisha rudia mpaka umalize chaguo zote. Mabano matatu yenye vipande viwili viwili yana chaguo 2 × 2 × 2 = 8. Bano la vipande viwili mara la vipande vitatu lina 6. Idadi hii unaijua kabla ya kuanza, kwa hiyo hesabu vipande vyako kabla ya kukusanya. Vikipungua, kuna ulichoacha.

Ukiielewa hoja ya kuchagua, unaweza hata kuandika jibu la (x + 2)(x − 3)(x + 4) bila hatua ya kati. x³ inapatikana kwa njia moja tu: x kutoka kila bano. x² inahitaji x kutoka mabano mawili na namba kutoka moja, yaani 2 − 3 + 4 = 3. x inahitaji namba kutoka mabano mawili: (2)(−3) + (2)(4) + (−3)(4) = −6 + 8 − 12 = −10. Namba pekee ni (2)(−3)(4) = −24. Jibu ni lilelile la juu. Njia hii ni salama pale kila bano linapokuwa na x tupu. Namba zikikaa mbele ya x, mfano (2x + 1), rudi kwenye hatua ndefu mpaka mkono uzoee.

### Vigawo visivyo na mabano, kama 3a²b × (−2ab³) × 5b, vinazidishwaje?

Kwa mafungu matatu. Kwanza alama: hasi ni moja, kwa hiyo jibu ni hasi. Pili namba: 3 × 2 × 5 = 30. Tatu herufi moja moja, ukijumlisha vipeo: a ina 2 + 1 = 3, b ina 1 + 3 + 1 = 5. Jibu ni −30a³b⁵.

Herufi isiyoandikiwa kipeo ina kipeo cha 1, si sifuri. Na vipeo vinajumlishwa, havizidishwi: 2x³ × 3x³ ni 6x⁶. Ukisahau, andika x³ kama x·x·x na uhesabu x zote, ni sita. Vipeo huzidishwa pale mabano yote yanapopandishwa kipeo, kama (x³)² = x⁶ na (x³)⁴ = x¹². Tena namba ya ndani nayo inapanda: (2x³)⁴ ni 16x¹², wala si 2x¹² au 8x¹².

### Namba iliyo nje inaingia kwenye mabano yote?

Hapana. Inaingia kwenye bano moja tu, unalolichagua mwenyewe.

2(x + 3)(x + 4): ama (2x + 6)(x + 4), ama (x + 3)(2x + 8), ama zidisha mabano kwanza kisha 2 mwishoni. Zote zinatoa 2x² + 14x + 24. Ukiiingiza kotekote, (2x + 6)(2x + 8), umezidisha kwa 2 mara mbili, yaani kwa 4. Weka x = 10: sahihi ni 2 × 13 × 14 = 364, yenye kosa ni 26 × 28 = 728.

Kinachowachanganya wengi ni 2(x + 3 + y), ambapo 2 kweli inagusa kila kimoja. Lakini hivyo vitatu ni vipande ndani ya bano moja. Kuzidisha husambaa juu ya vipande. Juu ya vigawo hakusambai.

Kwa 2(x + 3)² tahadhari ni hiyohiyo, maana (x + 3)² ni mabano mawili yaliyofichwa. Kipeo kwanza: 2(x² + 6x + 9) = 2x² + 12x + 18. Kwa kawaida tunashauri namba ya nje iachwe mpaka mwisho. Namba zinabaki ndogo na makosa yanapungua.

### Alama hasi zinanisumbua. Nizishikeje?

Katika zao, hesabu hasi. Zikiwa shufwa (2, 4, 6) jibu ni chanya. Zikiwa witiri (1, 3, 5) jibu ni hasi. Zikiwa nne au tano katika mstari mmoja, weka nukta ndogo kwa penseli juu ya kila moja, usitegemee kumbukumbu.

Kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Jaribu 8 × 8 kama (10 − 2)(10 − 2). Una 100, unatoa 20, unatoa 20 tena, unabaki na 60. Lakini 8 × 8 ni 64. Ile 4 inayokosekana ni (−2)(−2), na lazima iwe +4. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza hesabu ya namna hii kwa maneno matupu, "kumi kutoa kitu mara kumi kutoa kitu", kwa sababu wakati huo hapakuwa na x wala alama ya −. Neno aljebra lenyewe limetoka katika jina la kitabu chake, kutoka *al-jabr*, kurudisha au kuunga kilichovunjika. Mzizi wake ndio uliotupa pia Jabari.

Hatari kubwa ni alama ya kutoa inayotangulia mabano mengi. Kwa mfano:

5 − 2(x − 3)(x + 1)

Kosa la kwanza ni kufanya 5 − 2 = 3. MAGAZIJUTO inakataa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ile 2 imeshikamana na mabano kwa kuzidisha, na kuzidisha kunatangulia kutoa. Kosa la pili ni kubadilisha alama ya kipande cha kwanza pekee. Zidisha mabano ukiwa umeyafunga ndani ya mabano mapya:

5 − 2(x² − 2x − 3) = 5 − 2x² + 4x + 6 = 11 + 4x − 2x²

Yale mabano mapya ndiyo kinga yenyewe. Anayeandika 5 − 2x² − 2x − 3 aliyaona ni ya kupoteza muda.

Na −(x − 3)(x + 5) je? Hasi ni kigawo cha −1, inaingia bano moja tu kama namba nyingine yoyote: (3 − x)(x + 5). Ukiiingiza mabano yote mawili, zinafutana na unapata kinyume cha jibu.

### (a + b)² ni a² + b²?

Siyo. (3 + 4)² ni 49. 9 + 16 ni 25. Pengo la 24 ni 2 × 3 × 4, yaani 2ab. Hivyo (a + b)² = a² + 2ab + b², na (2x − 5)² = 4x² − 20x + 25. Angalia mwisho: +25, kwa sababu (−5)(−5).

Kwa kipeo cha tatu, (a + b)³ = a³ + 3a²b + 3ab² + b³. Ukiwa na (x − 2)³ weka −2 mahali pa b pamoja na alama yake: x³ + 3x²(−2) + 3x(4) + (−8) = x³ − 6x² + 12x − 8. Alama zinapishana kwa sababu hasi inapandishwa vipeo 0, 1, 2, 3 kwa zamu.

Namba 1, 2, 1 na 1, 3, 3, 1 zinapatikana pia kwenye pembetatu ya Pascal. Kila mstari unaanza na kuisha na 1, na kila namba ya kati ni jumla ya mbili zilizo juu yake, kwa hiyo mstari unaofuata ni 1, 4, 6, 4, 1. Imebeba jina la Mfaransa wa karne ya 17, ingawa wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu, Uchina na India waliijua karne nyingi kabla yake.

(x + y + z)² ina vipande tisa kabla ya kukusanya na sita baada yake: x² + y² + z² + 2xy + 2xz + 2yz.

### Kuna njia ya mkato ya kupanga mabano?

Ipo. Kabla ya kuzidisha, pitisha jicho utafute jozi zinazorahisishana. Katika (x + 5)(x + 2)(x − 5), wa kwanza na wa tatu ni mtu na kinyume chake: (x + 5)(x − 5) = x² − 25, vipande vya kati vimefutana. Kisha (x² − 25)(x + 2) = x³ + 2x² − 25x − 50, na umemaliza.

Wakati mwingine jozi haionekani haraka. (x + 1)(x + 2)(x + 3)(x + 4) inatisha ukiifuata kwa mpangilio ulioandikwa. Ioanishe ya nje na ya ndani: (x + 1)(x + 4) = x² + 5x + 4, na (x + 2)(x + 3) = x² + 5x + 6. Zote zina x² + 5x. Iite m: (m + 4)(m + 6) = m² + 10m + 24. Rudisha x² + 5x mahali pa m:

x⁴ + 10x³ + 25x² + 10x² + 50x + 24 = x⁴ + 10x³ + 35x² + 50x + 24

Mpangilio wa kuoanisha haukubadilisha jibu. Umekupunguzia kazi tu.

### Nilifundishwa "wa kwanza, wa nje, wa ndani, wa mwisho". Mbona inakwama?

Kwa sababu ni ya mabano mawili yenye vipande viwili viwili, basi. Bano likiwa na vipande vitatu, "wa kati" hana jina katika wimbo huo. Tumia jedwali. Kwa (x² + 3x − 2)(2x² − x + 4):

| | 2x² | −x | 4 |
|---|---|---|---|
| x² | 2x⁴ | −x³ | 4x² |
| 3x | 6x³ | −3x² | 12x |
| −2 | −4x² | 2x | −8 |

Vipande vya aina moja vinajipanga kwa mshazari, kutoka kulia juu kushuka kushoto: 4x², −3x² na −4x² ni −3x². Jibu ni 2x⁴ + 5x³ − 3x² + 14x − 8.

Mshazari unafanya kazi ikiwa vipande vimepangwa kutoka kipeo kikubwa kwenda kidogo na hakuna kipeo kilichorukwa. Kwa x³ − 2x + 1, andika x³ + 0x² − 2x + 1. Hiyo sifuri inashika nafasi, kama sifuri ya 1027.

### Vigawo vikiwa na sehemu?

Toa asili (namba ya chini ya sehemu) nje kwanza. (x/2 + 3)(x/3 − 1) ni (x + 6)/2 mara (x − 3)/3, yaani (x² + 3x − 18)/6.

Usizidishe kila kitu kwa 6 ili "kuondoa asili" halafu ukaiacha hivyo. Hilo linafanyika kwenye mlinganyo, ambako pande zote mbili zinazidishwa sawasawa. Mtajo hauna upande wa pili. Ukiuzidisha kwa 6 umeshakuwa mtajo mwingine.

### Haya yanatumika wapi nje ya mtihani?

Chukua karatasi ngumu ya sentimita 30 kwa 20. Kata mraba wa upande x kila pembe, kunja pande juu, upate boksi lisilo na kifuniko. Kimo ni x. Urefu ni 30 − 2x, kwa sababu umekata pembe mbili kwenye kila upande (wengi huandika 30 − x). Upana ni 20 − 2x. Ujazo:

x(30 − 2x)(20 − 2x) = x(600 − 100x + 4x²) = 4x³ − 100x² + 600x

Ukikata sentimita 3 unapata sentimita za ujazo 1008. Ukikata 4 unapata 1056. Ukikata 5 zinashuka hadi 1000. Ukikata 10 upana unakwisha na boksi halipo. Ona pia kwamba vigawo vitatu vya urefu vimetoa kipeo cha tatu. Jibu la ujazo likiishia kwenye x², kuna kigawo ulichokiacha njiani.

### Nitajuaje jibu langu ni sahihi bila kumwuliza mtu?

Weka namba mahali pa x kwenye swali na kwenye jibu, lazima zilingane. Ila chagua namba kwa akili. Sifuri inakagua namba pekee ya mwisho na si zaidi. 1 haioni makosa ya vipeo, kwa kuwa 1, 1² na 1³ ni kitu kimoja. 2 inadanganya kwa namna yake: 2x na x² zote ni 4. Namba inayofanya bano liwe sifuri, kama 3 kwenye (x − 3), inaficha makosa ya mabano mengine yote.

Tunapendelea 10, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi na kila kipeo kinakaa kwenye nafasi yake. Mfano wa kwanza: 12 × 7 × 14 = 1176, na 1000 + 300 − 100 − 24 = 1176. Mfano wa jedwali: 128 × 194 = 24,832, na 20,000 + 5,000 − 300 + 140 − 8 = 24,832.

Zisipolingana, ukubwa wa tofauti mara nyingi unaonyesha pa kutazama. Tofauti ya 20 kwa x = 10 yaelekea ni alama ya kipande cha x iliyogeuzwa: +x ilitakiwa, ukaandika −x. Tofauti ya 200, tazama x².

### Kuna wakati nisifungue mabano?

Ndiyo, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukiulizwa (x + 2)(x − 3)(x + 4) = 0, majibu yameshakaa mbele yako: −2, 3 na −4. Ukifungua hadi x³ + 3x² − 10x − 24 = 0 umejitwisha kazi ya kutafuta vigawo ambavyo ulikuwa navyo mkononi dakika moja iliyopita. Hali kadhalika kwenye sehemu, kama [(x + 2)(x − 3)]/[(x − 3)(x + 4)]: kigawo (x − 3) kinafutika juu na chini, mradi x si 3, na kubaki (x + 2)/(x + 4). Fungua mabano pale swali linapotaka hivyo, au unapohitaji kujumlisha na kitu kingine.